Nani Alipima Hewa ya Misigiri

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na dakika ishirini jioni, gari jeupe lenye mlingoti mwembamba juu ya paa lilipopita mbele ya kijiwe cha kahawa cha Laurenti pale Misigiri, likapunguza mwendo, kisha likashika barabara ya Kiomboi. Dakika hizo zinajulikana kwa sababu Lea, binti wa Laurenti, alikuwa na simu mkononi kama kawaida yake. Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao zilizotolewa kwenye bodi ya lori, jiko la mkaa, birika jeusi na sinia la vikombe, nyuma yake kibanda cha bati kilichojibanza chini ya jabali kubwa. Jabali lilikuwa linakinga upepo na mtandao wa simu kwa pamoja, mpaka mwezi Machi, Laurenti alipouza mbuzi wawili akamnunulia binti yake kisanduku cha kuvuta mtandao. Antena ikasimama juu ya bati, kisanduku kikawekwa ndani na taa yake ya kijani, na tangu siku hiyo benchi halijapoa. Benchi hilo lina sharti moja. Mtu akiuliza swali na wote wakashindwa kulijibu, kikombe chake hakioshwi: kinapinduliwa kwenye ubao ulio juu ya jiko na kinakaa hapo mpaka jibu lipatikane. Jioni hiyo ubao ulikuwa mtupu, na wazee walikuwa wanatembea kifua mbele.

Lea alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa kibanda. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mawasiliano, miaka miwili ya kutuma barua za maombi, na usaili mmoja: kesho yake, saa tatu kamili asubuhi, kwa video, na kampuni inayojenga minara. Kila baada ya muda aliangalia mistari ya mtandao kwenye simu. Ilikuwa minne. Aliangalia tena. Minne.

— Hao ni wa Mamlaka ya Mawasiliano, alisema Mzee Abraham. Kila mtu anamwita Bikoni, kwa kuwa ujanani aliwabebea wapima ardhi mnyororo wa kupimia na bikoni, zile alama za mipaka, kwa miaka tisa. — Wamekuja kupima.

— Kupima nini? Barabara ilishapimwa.

Aliyeuliza alikuwa Kefa, mkulima wa alizeti, mfupi wa kimo, mwenye redio kuukuu ya masafa mafupi anayoisikiliza hata akiwa anapalilia. Kwa hiyo wanamwita Masafa Mafupi, naye anaitika.

— Wanapima hewa, alisema Bikoni.

— Hewa inapimwa?

— Unadhani kitu gani cha serikali hakipimwi? Hewa ina viwanja, Kefa. Hiki cha redio, hiki cha simu, hiki cha polisi, hiki cha ndege. Ukijenga kwenye kiwanja cha mwenzako unawekewa alama ya eksi, ubomoe.

— Na bikoni zake ziko wapi? Mbona hatujikwai?

— Ziko juu. Wewe na kimo chako utajikwaa saa ngapi?

Benchi lilicheka. Lea hakucheka, kwa sababu alikuwa anafikiri kwamba mzee yule hajaenda mbali sana na ukweli. Katika daftari lake la mwaka wa pili masafa yalichorwa vilevile, kama barabara yenye viwanja pande zote, kila kimoja na namba ya mwanzo na namba ya mwisho, na kati ya jirani na jirani kijia kinachoachwa wazi ili wasigusane.

— Sasa mimi niwaulize, alisema Clement. Huyu ni fundi simu na muuza ving'amuzi, anaitwa Digitali, na ndiye aliyekileta kisanduku cha Laurenti kutoka Dar es Salaam. — Mnazikumbuka zile antena za televisheni za zamani, zenye miiba kama ya samaki? Tukaambiwa sasa ni digitali, zizimwe. Yale mawimbi yaliyokuwa yanatumika yalikwenda wapi?

— Yalikufa, alisema Masafa Mafupi.

— Wimbi halifi, mzee. Yalichukuliwa yakapigwa mnada, wakanunua watu wa simu. Sisi tunahangaika kununua ving'amuzi, kumbe kiwanja tulichokuwa tumekalia kinauzwa.

Bikoni aliweka kikombe chini.

— Yaani tumehamishwa hewani bila fidia.

— Ndiyo hivyo.

— Ardhini wangetuhesabia hata mapapai.

— Mhandisi, alisema Laurenti akimgeukia binti yake huku anamimina, — hebu waambie hawa watu.

Lea aliangalia simu, akaigeuza kifudifudi pajani.

— Haiuzwi hewa, baba. Serikali inatoa ruhusa ya kutumia masafa. Imeandikwa ni masafa namba fulani, eneo fulani, miaka fulani. Wakati mwingine kwa mnada, wakati mwingine kwa maombi. Na televisheni ya digitali inakaa kwenye nafasi ndogo kuliko ile ya zamani, ndiyo maana nafasi ikabaki, wakapewa watu wa simu.

— Si ndicho nilichosema? alisema Digitali.

— Umesema nusu.

— Kwani hewa si ya Mungu? aliuliza Masafa Mafupi. — Ruhusa ya nini?

— Kwa sababu mawimbi hayana ua, mzee wangu. Kila mtu akirusha anavyotaka hakuna atakayesikika.

— Kama benchi hili, alisema Laurenti.

— Kama benchi hili. Hata nguvu ya kurusha inaandikwa. Kuna aliyeruhusiwa kuongea kwa sauti ya mezani, na kuna aliyeruhusiwa kupiga kelele ya mnadani. Yule wa mezani akianza kupiga kelele...

Hakumaliza. Alikuwa ametazama ndani ya kibanda, kwenye ile taa ya kijani. Mwezi Machi, siku kisanduku kilipofika, alikigeuza chini juu akatafuta kibandiko cha kuonyesha kwamba kimethibitishwa kutumika nchini. Hakukiona. Alikigeuza tena akakitazama pembeni, hakukiona. Baba yake alikuwa amesimama pale amefumbata mikono, anatabasamu, mbuzi wawili wameshakwenda. Lea akasema kiko sawa.

Benchi halikungoja amalize. Lilikuwa limefika kwenye shida ya zahanati.

Zahanati iko kilimani, upande wa pili wa barabara, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Tangu masika simu za kule hazitoki, na kila mzee pale alikuwa na sababu yake.

— Mtandao wa kilimani unaliwa na alizeti, alisema Masafa Mafupi.

— Anza tena polepole, alisema Digitali.

— Ua la alizeti lina umbo gani? Umbo la dishi. Linageuka au haligeuki? Linageuka. Wewe dishi lako analigeuza nani? Fundi, na umlipe. Alizeti linajigeuza lenyewe. Sasa chukua shamba langu, la jirani yangu Mughwai, na la parokia, madishi maelfu kwa maelfu yote yanavuta. Kilimani kitafika nini?

— Na mtandao ukishaliwa unakwenda wapi?

— Kwenye mafuta. Hamjaona mafuta ya mwaka huu yanavyowahi kuchemka?

Laurenti alilazimika kuweka birika chini ili asimwage.

— Mambo ya madishi siyajui, alisema Bikoni, — lakini kupima nakujua. Kilima kile kilipimwa kwa mnyororo, saa nane mchana, mwezi wa kumi. Chuma kwenye jua kinarefuka. Nilimwambia mpimaji, bwana, tungoje jua lipungue. Akaniambia mimi kazi yangu ni kushika. Kwa hiyo kilima kikaandikwa kifupi kuliko kilivyo. Serikali ilipokuja kugawa hewa ikafuata ramani ileile. Kipande kilichopungua, hewa yake imeangukia Mkalama, wilaya ya jirani.

— Kwa hiyo nesi akipiga simu...

— Inaita Mkalama. Huko wanapokea, wanasema si kwao, wanakata.

— Hiyo sasa ni fiksi, alisema Digitali.

— Nenda Mkalama ukaulize.

Saa kumi na moja na nusu Agripina akafika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Ni nesi mpya wa zahanati, ana wiki tatu tangu ahamishiwe kutoka Ikungi, na hakuwa amewahi kukaa pale na wazee.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu benchi.

Laurenti akampa kikombe na kipande cha kashata. Bikoni akamsogelea.

— Nesi, lile gari lenye mlingoti umelipishana nalo? La Mamlaka?

— Lile la chanjo? Limeniletea chanjo za watoto sasa hivi. Ule mlingoti ni wa redio ya upepo, ya kuitana na wilayani.

Bikoni akajirudisha mahali pake. Lea akashusha pumzi, na papo hapo akajionea aibu kwa kuishusha.

— Nimeshuka kupiga simu, alisema Agripina. — Hapa ndipo zinatoka. Nina Martina, mke wa Enock, amelala kule tangu jana, uzazi wa kwanza, na sipendi anavyokwenda. Nataka gari la wagonjwa la Kiomboi lijue mapema. Na Jumapili usiku nilishapata somo. Mama alikuwa anatoka damu, nikapiga mara kumi na moja kule juu, hata mara moja haikuita. Nikamwachia mhudumu, nikashuka hapa mbio. Nilipofika, mara ya kwanza tu ikapokelewa.

— Alipona? aliuliza Laurenti.

— Alipona. Lakini dakika ishirini ni nyingi, mzee.

— Kule hakuna mtandao, mwanangu, alisema Digitali kwa upole. — Ndiyo hali.

— Upo. Ndicho kinachonishangaza.

Alitoa simu akaionyesha.

— Kule juu nakuwa na mistari minne, imejaa. Nesi aliyenitangulia aliniambia mpaka Februari ilikuwa inapiga vizuri kabisa. Hakuna mnara uliong'olewa. Sasa kwa nini simu inaonyesha mtandao umejaa, lakini nikipiga haiendi, mpaka nije hapa kwenye benchi lenu?

Masafa Mafupi alifungua mdomo. Akakumbuka kwamba alizeti lingekula mistari kwanza, akaufunga. Bikoni aliuliza kama mistari hiyo haiwezi kuwa ya Mkalama, lakini hata mwenyewe hakuonekana kuamini. Digitali alichukua ile simu, akaizima, akaiwasha, akamrudishia.

Lea alikuwa amelipata jibu kabla swali halijaisha. Simu ya nesi inausikia mnara vizuri, kwa hiyo inaonyesha mistari minne. Mnara ndio usiomsikia nesi. Kuna kitu kilicho karibu kinaupigia kelele sikioni mchana na usiku, katika masafa yaleyale, kwa nguvu ambayo hakuna aliyeiruhusu, na anayeita kutoka mbali anapotelea humo. Kitu hicho kiliwashwa mwezi Machi. Kilikuwa hatua tatu nyuma ya mgongo wake.

Alilipanga jibu kichwani kwa sentensi tano zilizonyooka. Kisha akaangalia simu. Mistari minne. Saa tatu kamili asubuhi. Bila kisanduku, nyuma ya jabali lile, hata ujumbe mfupi hautoki.

— Mhandisi? alisema baba yake.

— Sijui, baba.

Agripina alipiga simu yake Kiomboi, akaahidiwa kwamba gari litakaa tayari wakiitwa. Akashukuru, akarudi kilimani. Laurenti alikichukua kikombe chake akakipindua kwenye ubao.

— Mwaka mzima ubao haukuwa na kitu, alisema Bikoni. — Mtu wa Ikungi ametushinda.

Birika lilikuwa limekauka, na wakatawanyika.

Asubuhi ya Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano, Lea aliingia kibandani akachomoa waya wa kisanduku. Taa ya kijani ilizimika. Mistari kwenye simu yake ilishuka ikawa mmoja, kisha ikaisha. Alipanda juu ya pipa akaishusha na antena, akailaza chini ya benchi, maana hakutaka mtu aje aichomeke kwa kumhurumia. Kisha akapanda kilimani.

Agripina alimfungulia akiwa amevaa glavu. Ndani Martina alikuwa anaguna.

— Jaribu simu, alisema Lea.

— Nimejaribu saa kumi alfajiri.

— Jaribu sasa, dada.

Nesi alivua glavu moja, akapiga. Simu iliita. Sauti ya mwanamume wa Kiomboi ikasema haloo, Agripina akamweleza kwa maneno machache, naye akasema anawasha gari. Lea aliangalia saa: kumi na mbili na dakika thelathini na moja. Hakutosheka na mara moja. Alimwomba apige tena, na tena. Zote ziliita.

Akashuka. Laurenti alikuwa anapepea mkaa. Alikuwa ameshaiona antena chini ya benchi, naye hakuwa ameigusa. Lea alimwamkia, akakichukua kile kikombe kwenye ubao, akakiosha, akakifuta kwa kitambaa, akakipanga kwenye sinia pamoja na vingine. Laurenti alikitazama kikombe, akatazama juu ya bati palipokuwa pamesimama mbuzi wake wawili.

— Ulilijua jana, alisema.

— Nililijua jana.

Laurenti akaongeza mkaa jikoni.

— Na usaili?

— Kule juu sasa kunashika.

Lea aliinua kiti chake cha plastiki, akajitwika kichwani, akapanda tena kilimani. Ilikuwa saa moja na dakika hamsini.