Kati ya Kiboko na Maji

Audace, weka huo mwiko chini, mwanangu. Nimekusikia tangu asubuhi ukigonga matofali, na kila ulipogonga nilishtuka kama mtu anayesikia jeneza lake likichongwa. Joëlla, zima redio, niinue kidogo kwa mto, kisha ufungue dirisha la upande wa ziwa. Sephora naye aje, mjukuu hafukuzwi penye neno la bibi yake. Kaeni karibu, kwa maana maneno niliyobaki nayo ni mengi kuliko pumzi, na atakayesimama mbali atapata nusu.

Nyumba hii ni ya Audace, kwa kuwa ndiye aliyeisimamisha upya baada ya ziwa kupanda na kutufukuza. Upande wa miparachichi ni wa Joëlla, na asije mtu kumwambia kwamba mtoto wa kike hana fungu. Mchanga wa kiwanja hiki niliubeba mimi kichwani, na mimi nasema analo. Vitenge vyangu gawaneni bila kununiana. Ile sufuria kubwa yenye mkono uliovunjika si yetu, ni ya Yasmina wa Buyenzi, aliyetupokea siku zile za mafuriko, akawalaza wanawe mkekani ili mimi na Sephora tulale kitandani, na kila asubuhi akajifanya ameshakula ili chai itutoshe. Sikuirudisha kwa sababu sufuria ya mtu hairudi tupu, na kila nilipopata cha kutia humo palikuwa na mdomo wenye njaa hapa nyumbani. Ijazeni dengu, muweke samaki wa ndagala juu, mumpelekee. Mwambieni kwamba ile chai niliiona.

Sasa nifike kwenye hilo unalolijengea ukuta. Kati ya fungu la Audace na fungu la Joëlla kuna njia ya kiboko, nayo haimo katika fungu la mtu yeyote. Mimi na baba yenu tuliikuta hapa, udongo umekanyagwa hadi ukawa kama mfereji, ikishuka moja kwa moja mpaka majini. Salvator alivua kofia akaniambia, "Mama Audace, hapa kuna mwenyeji, tubishe hodi kwanza." Ndipo akaipima. Hakuwa na kamba, kwa hiyo akalala chini kuikatiza njia, akakuita wewe Audace, mtoto mdogo wa kaptula, akakulaza miguuni pake, na pale nyayo zako zilipoishia akachomeka tawi la muyenzi, mti wa kwanza wa ua wetu. Watu waliokuwa wakipita walituona wendawazimu. Lakini kiboko alipita miaka yote, akaenda kula majani, akarudi majini, na ua wetu hakuugusa.

Najua unachotaka kusema, ulikwishanirushia juzi: "Mama, kiboko iliua baba, na we unaichungia njia? Mutoto wangu anacheza hapa!" Nililia tu, ukadhani umenishinda. Sikushindwa, mwanangu. Mlikuwa wadogo mno siku ile, mkakua na nusu ya habari, na nusu ya habari ni kama nusu ya daraja, hukupeleka hadi katikati ya maji ikakuacha. Leo chukueni yote.

Jirani yetu Adolphe alikuwa amemaliza ukuta wake huko chini, ameikata njia. Alfajiri kiboko akirudi kutoka malishoni akakuta ukuta. Akahangaika huku na huku, akaingia uani kwa Adolphe, na mtu mmoja kwa woga akafunga geti nyuma yake. Kulipokucha, watu walikuwa wamejaa juu ya ukuta kama ndege, wakimpiga mawe, wakigonga masufuria, wakicheka. Mnyama alizunguka, mdomo wazi, damu inatoka sikioni, na macho yake, wanangu, yalikuwa yakitazama upande mmoja tu, upande wa ziwa. Baba yenu akapiga kelele, "Mumuachie njia! Anataka maji tu!" Mtu akamdhihaki, "We Salvator, kwani huyo ni shemeji yako?" Watu wakaangua kicheko. Naye akajibu, "Ndiyo, na leo anarudi kwao." Akaruka ndani, akakimbilia geti la upande wa ziwa, akalifungua. Alilifungua vizuri. Ila hakuwahi kutoka mlangoni.

Kiboko hakumng'ata. Alimpitia, kama maji yanavyopita. Na kabla hajafika majini, watu wenye bunduki wakamwangusha, na wale wale waliokuwa wakicheka wakaja na visu. Mama mmoja, Mungu amrehemu, akaniletea fungu la ile nyama, limefungwa vizuri katika jani la mgomba, akasema, "Chukua, mjane, ulishe watoto." Alikuwa amewanyima wanawe ili anipe mimi. Kuipika sikuweza, na kuitupa ningetupa wema wake, basi nikaizika chini ya muyenzi ule wa kwanza.

Kinyongo na Adolphe msikirithi. Alikuja akasimama mlangoni pangu, kisha siku iliyofuata akachukua nyundo akaubomoa ukuta wake mwenyewe. Tena akawa akiniwekea jagi la maziwa kizingitini kila asubuhi na kukimbia kabla sijamshukuru. Kwa maziwa hayo mlikua.

Sisemi kiboko ni mpole. Giza likikaribia Sephora awe ndani, na mtu yeyote asisimame kati ya kiboko na maji, hiyo ndiyo sheria ya hapa, mtoto anaijua. Lakini wewe Audace, ukuta wako utasimama wapi, kama si hapo hapo? Njia ukiiziba haifi, inahamia mlangoni kwako.

Mnakumbuka nilivyowafundisha kwamba Yona alimezwa na kiboko? Joëlla, ulichekwa shuleni ukarudi unalia. Ndivyo nilivyofundishwa kule Uvira. Tulimuuliza katekista samaki mkubwa wa Yona alikuwa kiasi gani, naye akanyoosha kidole ziwani penye kiboko, "Kama ile pale, ila imezidi." Basi mwezi uliopita Sephora akaja mbio kutoka shuleni akiniita, "Koko, nyangumi na kiboko ni ndugu! Mwalimu amesema! Mmoja akaenda baharini, mwingine akabaki huku!" Nikacheka hadi nikakohoa. Kisha akaniambia watu wa zamani waliwawinda nyangumi, wakayeyusha mafuta yao, wakawashia taa. Sikucheka tena. Niliwaza mtu amekaa usiku anasoma habari za Yona, na taa yake inawaka kwa mafuta ya yule aliyembeba Yona bila kumtafuna, akamtapika nchi kavu akiwa mzima. Binadamu tunashika kitabu kwa mkono mmoja na kisu kwa mkono mwingine. Nyangumi wako mbali, siwezi kuwafanyia kitu. Kwa ndugu yao aliyebaki huku, ninayo njia moja.

Hiyo ndiyo mali yangu. Nayo... subiri, nipe maji, Joëlla. Kidogo tu.

Audace, kayaondoe matofali. Si kesho. Kesho mimi sina. Nenda, nitasikia kutoka hapa... Joëlla, shika mkono. Lile la kwanza, umesikia? Zito. Na lile.

Sephora, mfuate baba yako. Mwambie apime kama alivyopima babu. Alale chini, kichwa kwenye ua wa shangazi yako... nawe ulale miguuni pake. Nyayo zako zinapoishia... hapo muyenzi.

Mungu awape nyumba isiyokosa mgeni, na mgeni asikose njia. Maji yasipande tena kwenu, na yakipanda... pawe na Yasmina. Mkigombana, mmoja akienda mbali, mmoja akibaki... mkumbuke bado ni ndugu.

Mbona wanacheka huko? Wamelala chini?

Vizuri... Joëlla, mwambie kaka yako... asiinuke haraka. Hapo alipoweka kichwa... ndipo baba yake alipoweka chake.