Kisu Alichochaguliwa Mkwe Wangu

Funga huo mlango, wewe uliye karibu nao, na kabla hujaufunga mwambie mkwe wangu aache kusimama ukumbini kama fundi bomba anayesubiri kuonyeshwa jikoni. Aingie, akae kwenye kiti cha baba yenu, na asiyetaka kukaa naye chumba kimoja atoke yeye. Hakuna aliyetoka. Vizuri. Basi nisikilizeni, wanangu, na msinikatize, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema tu, ya kubishana imekwisha.

Mmekuja kujua duka la visu ni la nani. Msijifanye mmekuja kuniona; kuniona mngekuja pale nilipoanza kulala nimekaa kwa sababu ya kifua hiki. Wewe kifungua mimba wangu, Meneja, nakuita kwa jina walilokupa wafanyakazi, na hawakukupa kwa mapenzi, nimeambiwa umepita dukani na utepe ukapima ukuta wa karakana, ukasema utabomolewa ili kabati la kioo lipate nafasi. Bado napumua, mwanangu, nawe umeshaanza kubomoa. Na wewe binti yangu, uliposikia hayo hukumwuliza kaka yako neno, ulikwenda kimyakimya ukabadilisha kufuli la mlango wa nyuma wa karakana unakofanyia kazi. Na wewe mwalimu, kitinda mimba, ulimpigia kaka simu ukamwambia ana haki, ukakata, ukampigia dada ukamwambia ana haki. Ulimi wako una kazi nyingi, leo upumzishe.

Kama kuna anayengoja nilete sinia la visu, kila mtu achague chake, kisha niseme aliyechagua vizuri ndiye mrithi, asingoje. Hayo ni ya vitabu vya watoto. Mimi nimewaona mkichagua maisha yenu yote.

Mteja alipoingia dukani akasema anataka kisu cha kukunja, marehemu baba yenu hakumwonyesha kisu, alimwuliza, "Cha kufanyia nini?" Mtu wa kufungua maboksi na kumenya chungwa alimpa kidogo, chembamba, kinacholala mfukoni bila kumchoma paja akikaa. Mtu wa kulala porini kwenye hema alimpa chenye bapa pana, cha chuma ambacho hata jiwe la mtoni litakirudishia makali, kwa sababu chuma kigumu kinachosifiwa kwenye kaunta kikiwa butu huko porini hakina tofauti na kijiko. Mwindaji alimpa chenye mpini mwekundu hata kama mwenyewe amekuja akitaka cheusi, maana cheusi ukikilaza kwenye majani ukiwa umeshika mnyama, ndiyo umeshakiacha hapo; tena chenye ncha iliyoinama, isije ikatoboa utumbo ikaharibu nyama, na kiungo kilicho wazi, kinachooshwa kikatakata. Halafu kisu chochote kile, cha yeyote yule, alikikunjua mbele ya mteja, akakigeuza, akagonga mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza. Kile kibati cha ndani tunachokiita komeo, kinachoruka na kukaa nyuma ya bapa ili lisirudi kwenye vidole vya mtu, kikiteleza hata kidogo, kisu kilirudi karakana, na mteja aliambiwa aje kesho.

Na komeo halikupakwa mafuta hata siku moja. Mafuta ni tone kwenye kiungo, kwa ncha ya waya, kisha unalipangusa komeo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu chuma hushika chuma kikiwa kikavu. Hata mwalimu hapo, ambaye tupa anaijua kwa picha, analijua hilo. Wewe Meneja unalijua zaidi, maana kitambaa ulikuwa unakibeba wewe begani tangu hujaota ndevu. Lakini ulipopewa kaunta ukaniambia, "Mama, watu wa siku hizi wanataka kisu kifunguke kwa kidole gumba, kama kinateleza kwenye siagi." Ukawa unavichovya visu vizima kwenye kopo la mafuta kabla ya kuvipanga kabatini. Vikafunguka kweli, na wateja wakafurahi. Nilipokukataza ulicheka, ukasema, "Wewe pumzika tu, kaunta niachie mimi." Nikaona unavipangusa nikiwepo, nikitoka, kopo linarudi mezani.

Ndipo mkwe wangu, mpima ardhi, aliyekuwa akilala porini kwa kazi na kuwinda na wenzake siku za mapumziko, akaja dukani kuchukua kisu chekundu alichowekewa na mkewe, binti yangu huyu, kilichokwisha kunolewa na kugongwa mezani. Ulimpokonya mkononi. Nilikuwepo, usitikise kichwa. Ulisema, "Hiki cha bibi kizee, shemeji. Mwanamume wa nyumba hii hatembei na kisu cha kumenyea viazi." Ukamchagulia cheusi cha kabatini, chenye bapa linalong'aa kama kioo cha kinyozi, naye kwa adabu zake akakipokea, kwa sababu aliona haya kukataa zawadi ya shemeji mbele ya watu. Akiwa anakata kiungo cha mguu wa swala kisu kikajikunja juu ya vidole vyake, na vidole viwili havijafumba tangu siku hiyo. Kazi ya vyombo vya kupimia imemshinda, wamemweka ofisini anagonga mihuri kwa mkono wa kushoto.

Kilichonichoma si kisu. Kilichonichoma ni kwamba watu walipouliza ukasema shemeji alikuwa amelewa chakari. Mtu ambaye hata soda humpandisha kiungulia. Binti yangu akaniletea kile kisu kimefungwa kwenye taulo, nikakaa nacho dirishani nikakisafisha damu, na komeo likawa linameremeta mafuta. Nikakuita. Ukatazama, ukasema, "Mama, hayo ni mafuta ya huyo swala." Mafuta ya swala huganda meupe, mwanangu. Yale yalikuwa ya kopo letu, na harufu yake naijua kwa jinsi nilivyofua mashati ya baba yenu.

Tangu hapo wewe na shemeji yako hamsalimiani. Nami nimengoja. Umeniletea matunda, umeniletea daktari, umeniletea blanketi la kufunikia watoto wadogo, neno lenyewe hujalileta. Nakuuliza sasa, mbele ya ndugu zako: ulilipaka komeo mafuta, au hukulipaka? Unatazama dari. Dari haijui kitu.

Haya. Nyumba hii na shamba ni vyako, Meneja, na asinong'one mtu kwamba nimekunyima urithi, ni vikubwa kuliko duka. Vyumba vya uani ni vya mwalimu, akae huko awape wapangaji wote haki. Duka, na jina lililoandikwa juu ya mlango, ni la mkwe wangu. Karakana, jiliwa la kubania vyuma na mawe ya kunolea ni vya mke wake, na ule ukuta usiguswe. Naona mnatazamana. Mnataka kusema mkwe si damu. Damu iliyomwagika kwa jina la duka hili ni yake, yenu bado imo humo ndani mwenu. Wewe Meneja usimchagulie tena mtu kisu, hata mtoto wako, hata cha kuchongea penseli.

Nawe mkwe wangu, usinishukuru, sikupi kwa huruma. Nilikuona Jumamosi ulipokuja kumsaidia mkeo: kila kisu unakigonga mezani, hata cha mteja aliyekileta kinolewe tu. Basi fanya hivyo. Lakini usiutembeze huo mkono kama cheti. Na wewe binti yangu usitabasamu, nakuona. Umemzuia kaka yako asiwaone wanao, ukaufanya uchungu wa mumeo kuwa fimbo yako mwenyewe. Kesho watoto waende kwa mjomba wao.

Niinueni kidogo. Hapo. Maji... kijiko kinatosha.

Siku ya jeneza. Mkwe wangu atashika mbele, kushoto, kwa mkono wake ulioumia. Meneja, utashika naye, upande huohuo. Mkono wake hautakaza, utakuwa unateleza. Weka wako chini ya wake. Usimwambie aachie, usimwite mtu mwingine apokee... ubebe uzito wake na wako, kutoka hapa mpaka kaburini. Watu watauliza mbona mnabeba hivyo. Yeye asijibu. Mwalimu, nawe usijibu. Atajibu Meneja.

Mungu awaweke. Awape... awape mikono mizima, ninyi na watoto wenu. Radhi zangu mnazo wote. Na wewe, mwanangu, unazo. Unazo kabla hujajibu.

Lakini utajibu.