Historia ya Kaka Yetu Bwana Rudia, Aliyeomba Picha ya Pili

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliotoka kazini kwake, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa sababu jana jioni mkuu wake wa zamani alimvuta kaka yetu mkubwa pembeni, akamwomba tuseme tu kwamba marehemu alistaafu kwa hiari, tusifukue mambo, nasi tumekaa kama familia tukakubaliana kwamba tutafukua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba yetu, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1970 hadi 1976, ambako walimu walimchoka kwa kuwa kila hesabu aliyokwisha kuipata aliirudia toka mwanzo, kisha akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo kikuu, alikohitimu elimu ya miamba mwaka 1987, na baba, aliyeishi na udongo maisha yake yote, akacheka, akasema haya makubwa, mtu kwenda chuo kusomea mawe.

Tarehe 1 Februari 1988 aliajiriwa na kampuni ya mafuta, na kwa faida yetu tusiojua, kazi yake ilikuwa kutikisa ardhi kwa malori mazito, kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka chini, na kuutengenezea picha ya miamba yenye mafuta, ambayo wenzake waliitumia kuunda mfano kwenye kompyuta, wa kubashiri mafuta yatapita wapi na maji yatayafuata vipi. Yeye alisema mfano ni ubashiri tu, unaweza kukubaliana na kila kisima kilichochimbwa na bado ukadanganya katikati ya kisima na kisima, kwa hiyo mkishavuta mafuta kwa miaka kadhaa ni lazima mrudi palepale, mtikise upya, mzilinganishe picha mbili, na zinapotofautiana ndipo muusahihishe mfano. Kwa ajili hiyo alipigilia kigingi cha chuma kila mahali lori liliposimama, na wenzake wakambandika jina la Bwana Rudia, ambalo alilipenda kuliko la kwenye cheti.

Tarehe 22 Septemba 1991 alifunga ndoa na wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa binti na mvulana, ambao kila siku ya kuzaliwa aliwasimamisha kwenye mlango uleule, kamera juu ya kiti kilekile, na ole wake aliyekisogeza, hata wifi akawa analalamika kwamba ameolewa kwenye nyumba yenye kona isiyofagilika. Picha zile zipo, watoto wanaonekana wanavyorefuka mlangoni, na ukizitazama utaielewa kazi yake haraka kuliko nilivyoieleza mimi.

Mwaka 2015 wakuu walitaka kuchimba kisima kipya upande wa mashariki, mfano ulionyesha mafuta tele, kaka yetu akaomba kwanza picha irudiwe, maana ile ya kwanza ilikuwa ya mwaka 2004 na alishaona dalili kwamba maji yanasogea huko, mkuu wake akamjibu mbele ya kikao kizima kwamba ardhi haina miguu, itakuwa imekwenda wapi, watu wakaangua kicheko, naye akasema ardhi haina, ila maji yanayo. Kisima kikachimbwa, kikatoa maji ya chumvi. Hapo sasa akatafutwa mbuzi wa kafara, ikasemwa kwamba picha ya kwanza ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeipiga ni nani kama si huyu Bwana Rudia, basi tarehe 30 Juni 2016, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akaambiwa achague kustaafu kwa hiari au kufukuzwa, hiari gani hiyo jamani? Akarudi nyumbani, akaketi kwenye kile kiti, na hakupiga tena picha ya mtu.

Mwaka 2018 kampuni ikairudia picha, kwenye vigingi vyake alivyopigilia yeye, maji yakaonekana yametanda mashariki palepale aliposema, mfano ukasahihishwa, visima vilivyofuata vikatoa mafuta, mkuu akapandishwa cheo, na haya tumeyajua kwa dereva mmoja wa malori aliyekuja kutuambia, kwa maana wakubwa hawakupiga hata simu. Kaka yetu alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu, kwamba na yeye je, wamemsahihisha? Mimi nina hasira, sifichi, na wifi yangu anazo zaidi, ila yeye amelelewa vizuri.

Mnamo Novemba 2019 alipata kiharusi upande wa kulia, akaugua kwa muda mrefu, na akafariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2022, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, ameacha mjane na watoto wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliombeba ngazi zilipomshinda, na madereva na wavuta nyaya za kunasia mwangwi ambao hawakuacha kuja kumwona. Wakuu wa ofisi, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, shada lenu la maua tumelipokea, ila ule utepe ulioandikwa kwamba alistaafu kwa hiari nimeukata, mkasi ninao.

Pumzika kwa amani, kaka, picha yako ya kwanza haikuwa na kosa.