Lemi Yugu, Aliyewapeleka Wageni Logiri

Wazee wa Lobule na wa Logiri, baba padri, majirani wa Arua na Koboko, wafiwa wenzetu, familia imetutuma tuwaeleze huyu aliyelala mbele yenu alikuwa nani, na tunaomba mtuvumilie, kwa maana si yote tutakayosoma yanatupa raha, wapo kati yetu waliotaka tufunike kombe mwanaharamu apite, lakini mjane wake, Santina, amesema hayo yasiposomwa basi hakuna kitakachosomwa.

Marehemu Lemi Yugu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 huko Lobule, Koboko, mtoto wa tatu wa mzee Lokule, aliyekuwa askari, na mama Paska, akaanza shule ya misheni hapo hapo Koboko mwaka 1949, akamaliza darasa la nane Arua mwaka 1957, na karo ilipokosekana alikwenda kusini kukata miwa kama vijana wengi wa huku, ila miwa ilimshinda ndani ya wiki moja, mwenyewe alikuwa akilisimulia hilo na kucheka hadi machozi.

Tarehe 2 Mei 1963 aliajiriwa kuwa mhudumu wa mezani katika hoteli ya watalii ndani ya hifadhi, karibu na maporomoko ya Nile, na jamani, mtu yule alizaliwa kwa kazi ile, alipanda hadi kuwa msimamizi wa wageni, aliwajua ndege kwa majina na tembo kwa tabia zao. Tarehe 20 Januari 1968 alifunga ndoa na Santina, binti wa Logiri, Mungu akawajalia watoto watano, wa kwanza akiwa Nora, ambaye ndiye aliyemuuguza.

Mwezi wa Juni 1979, vita vilipofika kwetu, alivuka mpaka na familia yake hadi karibu na Yei, Sudan, akakaa ukimbizini miaka minane akilima mashamba ya watu, na kilichomuuma kuliko njaa ni kwamba jina la mkoa wetu huu wa West Nile lilikuwa limebaki la kutajia bunduki tu, ukisema unatoka Koboko watu wanasogea pembeni. Alirudi mwaka 1987, akafungua nyumba ya wageni mjini Arua mwaka 1990, na Agosti 1992 akachaguliwa katibu wa kamati ya kukuza utalii, kamati isiyo na ofisi wala gari, akazunguka kwa baiskeli akihubiri kwamba mgeni akija, akala, akalala, akacheza nasi, atarudi kwao akisema vingine. Hilo lilikuwa jambo jema, na tunalisema bila kuona haya.

Haya inaanzia hapa. Tarehe 19 Februari 1994 kamati ilipata wageni wake wa kwanza, watalii na wapiga picha walioletwa na kampuni moja ya safari ya Kampala, Lemi akawapeleka Logiri, nyumbani kwa wakwe zake, waone ngoma. Vijana walicheza ngoma ya mavuno, wageni wakapiga miayo, mmoja akauliza iko wapi ile ya mikuki na pembe, na sote tunaijua hiyo, ni ngoma ya msiba, pembe zake hazipulizwi mpaka mtu awe amelala ndani, kila ukoo una mlio wake, na ukisikia mlio wa nyumba yenu huulizi, unakimbia ukilia. Wazee walikataa, Lemi akawabembeleza, akawaambia, "Mutu hajakufa, hii ni ya wageni tu, mambo iko sawa," wakapuliza.

Mama mkwe wake, mama Margarita, alikuwa kijijini Dadamu akimuuguza dada yake, hakuna aliyemwambia habari za wageni, na siku ile ile alikuwa anarudi nyumbani. Alisikia pembe za nyumba yake akiwa njiani, na mwanawe Andama alikuwa dereva wa lori la tumbaku kwenda Jinja, katika njia ambayo magari yalikuwa yakiviziwa. Aliingia uani akikimbia, akijirusha chini, akijimwagia vumbi kichwani, kanga imefunguka, akilia, "Andama yangu! Mwili iko wapi? Nionyesheni!" Wageni wakashtuka, wakamtazama Lemi, na yeye, badala ya kumfunika mama wa watu, badala hata ya kugeuza uso kama mkwe anavyopaswa, alitabasamu, akawaambia ni sehemu ya ngoma. Picha zikapigwa. Ole wetu, zilipigwa nyingi.

Andama alirudi salama siku chache baadaye, lakini mwaka uliofuata lilitoka bango la kuita watalii, na uso uliochapishwa humo ulikuwa wa mama Margarita, mdomo wazi, vumbi kwenye kope, chini yake limeandikwa karibuni West Nile. Kamati ilisifiwa, wageni wakaongezeka, na Lemi akayabandua mabango yote ya Arua kwa mikono yake, ya Kampala hakuweza kuyafikia. Tarehe 3 Aprili 1995 aliacha ukatibu, akapeleka kondoo dume wa kuomba radhi Logiri pamoja na wazee wa kwao, wazee wa kule wakampokea kondoo, lakini mama mkwe alituma neno, "Mimi sina maneno na mkwe. Lakini hii nyumba nilishalia, nikalia mbele ya wazungu. Siku yake mimi sitalia." Nanyi mnajua, mwanamume ambaye mama mkwe hakumlilia huzikwa kama mpita njia.

Krismasi mbili zilizofuata alikwenda Logiri kusimama kwenye mpaka wa ua, mama mkwe alimtolea chakula kwa mkono wa wengine, yeye mwenyewe hakutoka. Mwaka 1996 presha ilimshika, ikafuata kiharusi, ulimi ukawa mzito, na katika wiki ya mwisho neno lililotoka sawasawa ni Margarita, jina ambalo mkwe halitaji, akalitaja mbele ya watoto wake bila kujali. Alifariki katika hospitali ya Arua alfajiri ya tarehe 6 Septemba 1997.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wa nyumba ya wageni, na wanakamati wenzake, ambao wengine wameona aibu kukaa mbele, nasi tunawaelewa. Tunamshukuru pia mama Margarita, aliyefika leo asubuhi kutoka Logiri akibebwa kwa baiskeli, amekaa pale karibu na ghala, macho makavu. Tulipomuuliza tuandike nini kwa upande wake, alisema, "Andika mimi nimekuja. Kulia, usiandike."

Tumeandika hivyo. Lemi, mkwe wako amekuja, pumzika kwa amani.