Dirisha Lijibu Kwanza

Haya, sogeeni. Breki, zima redio, leo redio ni mimi. Sindano, mdogo wangu, iache hiyo cherehani ipumzike, hilo gauni la watu halina miguu ya kukimbia. Na wewe Bibi kaa hapo hapo kwenye kiti chako, ila fimbo isogeze mbali na magoti yangu, maana nakujua, ukinichoka utaitumia.

Nataka kutoa wosia. Breki usicheke, nitakunyima urithi. Nani aliwaambia wosia ni mpaka mtu aote mvi? Anayeusia ni anayeondoka, na kesho asubuhi sauti yangu inaondoka. Daktari amesema kuna kinyama kimeota kooni, wanakikata kesho, na baada ya hapo sauti inaweza kurudi nzima, au ikarudi nyembamba kama ya kifaranga, au isirudi kabisa. Akasema tangu leo nisitamke hata neno. Nikatikisa kichwa kwa heshima zote, kama mtoto mwema, huku moyoni nikipanga nitakachowaambia nikifika hapa. Sauti kama hii haiwezi kutoka kimya kimya kama mpangaji anayehama bila kuaga.

Sitaki kujisifu. Nitajisifu. Mwalimu aliniambia nichague moja, niache kuongea au niache shule, nikaacha shule, tena nikamuaga kwa sauti iliyosikika madarasa yote. Duka la magodoro pale sokoni lilikuwa limelala usingizi kabla sijasimama mlangoni na kipaza sauti. Mimi nikitamka "godoro" mtu anayepita zake anaanza kusikia mgongo unamuuma. Hiyo ndiyo kazi ya mchana, imetulisha, na sina neno nayo. Ninayowaachia ni ile ya jioni, ambayo hakuna aliyenituma: kupita mtaa mzima na baiskeli kuwaambia watu halmashauri inakuja kuwauliza nini. Kwa sababu Jumamosi wanakuja, nyinyi mnajua. Wanataka kujua kama zahanati yetu ihamie kwenye jengo jipya ng'ambo ya barabara kuu, au ibaki hapa hapa ikarabatiwe. Mimi Jumamosi nitakuwa kitandani nimefumba mdomo. Watu wasipokwenda, itaandikwa kwamba wakazi hawana pingamizi, na Bibi atakuwa anavuka barabara ile ya malori kila wiki kwenda kupimwa presha, na akishavuka, presha yenyewe mnaijua itakuwa imefika wapi.

Sasa sikilizeni nilivyoianza hii kazi, maana wengi wanasema nilizaliwa na kipaza mkononi. Uongo, ingawa naupenda. Nilianza kwa sababu ya Bibi na makofi yake.

Bibi, usiniangalie hivyo, hii ni historia. Mnakumbuka mkutano wa choo cha umma? Ofisa alisimama pale uwanjani, akaongea, akaongea, jua likatoka upande huu wa kofia yangu likahamia upande ule. Bibi akasinzia mstari wa mbele. Na mtaa wetu mnaujua adabu zake: mtu akimaliza kusema hupigiwa makofi, hata kama amesema upuuzi, kwa sababu amechoka maskini, na Bibi ndiye hufungua, wengine tunafuata. Basi ofisa akafika kwenye swali lenyewe: "Sasa wazee wangu, mama zangu, vijana, je, kijengwe hapa kwenye kona?" Akanyamaza asubiri. Bibi kusikia kimya, akazinduka, akajua mtu kamaliza, paaa! Makofi. Sisi nasi tutafanya nini, tukaporomosha makofi mpaka njiwa wakaruka. Ofisa akafurahi, akasema, "Asanteni sana, wakazi wameridhia kwa kauli moja." Kinyozi peke yake alibaki amesimama anasema, "Jamani! Kona ipi? Jamani, si ndiyo ya kwangu hiyo?"

Ndiyo ya kwake. Choo kikajengwa, kizuri, kisafi, hatukatai, kilihitajika, ila mlango wake unatazamana na kioo cha kinyozi, ukikaa kunyolewa unaona kila anayeingia kwa haraka na kila anayetoka ametulia. Wewe unacheka Bibi, kinyozi mpaka leo akikuona anaichunga mikono yako kwa macho.

Basi nikajiuliza, hivi nani alijua swali kabla ya kufika pale? Hakuna. Siku ya pili nikaenda ofisini kutafuta tangazo, nione lilikuwa limeandikwa nini. Nikazunguka, silioni. Karani akaniambia, "Lipo mlangoni." Nikatazama mlango, haupo, upo ndani umefunguliwa, umeegemea ukuta, na tangazo limebanwa huko nyuma linausomea ukuta. Mlango ule hufunguka kwa ndani! Kwa hiyo tangazo lilikuwa linasomeka ofisi ikiwa imefungwa tu. Karani naye akashangaa, akachungulia nyuma ya mlango, akasema, "Loo." Sisemi ulikuwa ujanja. Ulikuwa mlango. Lakini choo hakijali.

Jioni ile nikachukua kipaza cha duka la magodoro, nikaomba ruhusa baadaye.

Sasa urithi wenyewe, na namna ya kuutumia, msije mkaupeleka hovyo. Ukipita mtaani ukasema "kuna mkutano", watu wanasikia "kuna soda", na wakisikia hakuna soda wanalala. Usitangaze mkutano. Tangaza swali. Na swali ulivue koti, usiseme "uboreshaji wa miundombinu ya huduma", sema "zahanati ihame au ibaki?" Mwenye duka anajua kuhama, mtoto anajua kubaki. Kisha, na hapa ndipo wengi wangeharibu kazi, ukishauliza, shuka kwenye baiskeli usubiri. Usipite mpaka dirisha lijibu. Si lazima lijibu vizuri. Dirisha likikutukana limesikia. Yule mama mfua nguo wa mwisho wa njia alinijibu mara ya kwanza kwa maji ya sabuni, nikarowa mpaka soksi, nikamshukuru kwa kipaza, na mkutanoni alikuja wa kwanza kabisa akakaa karibu na ofisa. Mtu akishajibu dirishani, mdomo wake umefunguka, anakuja kuufungia mkutanoni.

Na wafuateni walipo. Wanaofanya kazi mbali wako kituoni asubuhi, wamepanga foleni, hawana pa kukimbilia. Wengine mtawakuta kwenye mashine ya kusaga nafaka, lakini hapo subirini mashine izimwe, nimeua nusu ya koo langu nikishindana na lile dude. Fundi gari hasikii akiwa chini ya gari, mgonge mguu. Bubu wa gereji, yule asiyesikia, msimruke, mchoreeni chini kwa mkaa, nyumba na mshale, atajibu kwa kidole na ana maoni kuliko nyinyi wote.

Breki, binamu yangu, njoo huku nikuone. Wewe una kifua, una mapafu, ukipiga kelele na mkokoteni wako hata mbwa wanapisha. Lakini kipaza sikupi. Nuna tu. Sababu unaijua. Walipokuja kuuliza habari za taa za barabarani nilikuachia upande wa juu wote, ukapita unasema "Kataeni! Kataeni!" Watu wakaja wamekwisha kukataa, hawakusikia hata kinachosemwa, wakakataa taa, wakarudi nyumbani wanajikwaa gizani wamejawa ushindi. Mpaka walipokuja kuuliza tena tulikuwa tumechubuka vidole vyote. Mwenye kipaza anauliza, hajibu. Mimi nataka zahanati ibaki, Mungu anajua, na nyinyi mnataka, lakini hamtalisema hilo kwenye kipaza. Mtauuliza mtaa kwa haki, pamoja na wale wa upande wa pili wa barabara ambao wanataka ihame, nao wana magoti na watoto. Ukishaweka kipaza chini, hapo sasa wewe ni mkazi kama wengine, nyoosha mkono useme lako mpaka ofisa aombe maji.

Wewe Breki nakupa baiskeli. Breki kupewa baiskeli isiyo na breki, haya chekeni, nimeingoja siku nzima nafasi ya kusema hilo. Kazi yako ni kumbeba mwenye sauti na kunyamaza. Utaweza? Umekubali haraka mno.

Sindano, kipaza ni chako. Nini? Unasema una haya? Wewe unayemwambia mteja usoni kwamba kiuno si hicho alichotaja? Una sauti inayochoma, nyembamba, inapita ukutani. Yangu ilikuwa nene, watu waliizoea kama mvua wakaendelea na yao. Yako wataigeukia. Na fulana yangu nyekundu ya kutangazia chukua, ipunguze mabega, si sote tumeumbwa hivi.

Nipeni maji.

...Yameshuka vibaya. Ngojeni.

Madeni yangu. Nadaiwa samahani na kinyozi, nilimwita kichwa cha sahani kwenye kipaza mchana kweupe. Mwambieni nimeomba radhi, ila kichwa bado ni kile kile. Fundi viatu, huyu jirani wa ukuta, yeye ndiye ninayemdai. Alisema mbele ya watu kwamba sauti yangu ni ya dumu linaloburutwa kwenye kokoto. Miaka yote sijamsamehe. Leo namsamehe nusu, nusu nyingine abaki nayo anisubiri.

Sasa Jumamosi. Mnanisikia? Sogeeni, inakatika. Ofisa akifika msimzomee, ni mtu mwema, jua linampiga kama sisi. Mpokeeni. Kisha kabla hajafungua mdomo, Bibi asimame na fimbo yake amwambie, "Mwanangu, nisindikize." Waende wote wawili, kwa mwendo wa Bibi, si wa ofisa, kutoka mlango wa nyumba hii mpaka lile jengo jipya, wavuke barabara, warudi. Bibi asibebwe, Breki, hata kidogo, hata akuombe. Wakifika uwanjani, ndipo ofisa aulize swali lake. Aulize akiwa bado anahema. Na mtaa ujibu kwa mikono iliyonyooshwa na kwa midomo. Makofi marufuku. Mwambieni kila mtu dirishani: mikono mifukoni mpaka swali liulizwe. Asiye na mifuko, Sindano amshonee.

Bibi, hilo ni lako hasa. Ukisikia kimya, usipige makofi. Kimya ni swali linakungoja wewe.

Sauti imebaki kidogo, nataka niitumie kusikiliza. Sindano, nenda mlangoni. Bila kipaza kwanza. Uliza.

Huko unaiuliza sakafu. Inua kidevu. Uliza mtaa.

...

Eeh! Mmeisikia hiyo? "Jirani, zahanati ihame au ibaki?" Imetoka kama sindano kweli, imenichoma mimi kabla ya daktari. Tulia. Usirudi ndani. Nilisema nini? Usiondoke mpaka...

Nyamazeni. Huyo ni fundi viatu. Dirisha lake lile linalokwaruza. Anasema nini, Breki, masikio yangu yanavuma.

"Ibaki! Nani anauliza, dumu liko wapi?"

Mwambie dumu limepasuka. Mwambie lipo ndani linausia.

Anasema... rudia Sindano. Anasema Jumamosi anakuja na wateja wake wote, waliochukua viatu na wasiochukua. Na kwamba alikuwa amezoea... kulala na lile dumu masikioni. Haya. Nimemsamehe na ile nusu. Mwambie. Yote.

Mama mfua nguo naye anaitikia. Na nani mwingine? Watatu? Ihame, amesema ihame? Vizuri, mshukuru, mwambie aje aseme. Hivyo hivyo. Pita hivyo mpaka mwisho wa njia.

Basi, wadogo zangu, nimemaliza. Mungu awape makoo yasiyoota kitu. Kila mtakapouliza mjibiwe, na mkijibiwa mkae msikilize. Pendaneni. Breki, msikilize dada yako. Bibi, wewe nakuachia wewe mwenyewe, na hawa wawili nakuachia pia. Nikirudi na sauti, kipaza ni cha... hapana. Ni chake hata nikirudi.

Nazima sasa. Naz...

Nani huyo?

Bibi. Bibi, si nimesema makofi maruf...

Haya. Haya, Bibi. Hakuna swali hapa. Pigeni.