Uso wa Odeta na Mwanga wa Mwanza

Benchi letu pale Shanwe liko mbele ya banda langu la kutengeneza baiskeli. Nasema letu kwa sababu wenzangu wamelikalia mpaka wateja wangu wanasimama. Kila asubuhi anatangulia Kasimu na birika lake la kahawa. Anafuata Telesfori, tunayemwita Gugo kwa kuwa hakuna jambo ambalo hajalisoma kwenye simu. Wa mwisho ni Makoye, muuza dawa za mifugo, ambaye akikuangalia sana unajua anakadiria kipimo chako cha sindano. Siku hiyo wote walimkuta Mzee Pontien, fundi wa matofali, ameshakaa ukingoni mwa benchi na koti lake begani. Binti yake Odeta alikuwa amerudi jana yake kutoka Mwanza, kwenye kliniki moja ya ngozi, alikopigwa leza ili zifutwe chale za mashavuni. Chale hizo alichanjwa na bibi yake akiwa bado ananyonya, alipopata degedege, zikapakwa dawa yenye masizi, zikabaki nyeusi. Sasa ni mtu mzima, ni wakala wa pesa za simu sokoni, na amechoka wateja kumtazama mashavu kabla hawajataja shida yao. Nilimhurumia Pontien. Nilijua benchi hili litamfanya nini.

Gugo: Mzee, hali ya mtoto?

Pontien: Amevimba. Mama yake anasema uso umewiva, pengine pekundu, pengine peusi. Macho yamebaki kijistari.

Kasimu: Daktari aliwaambia nini?

Pontien: Alimwambia atavimba. Atawashwa. Ngozi itatoa magamba, asiyabandue. Asikae juani, apake mafuta aliyopewa tu. Na chale haziishi kwa mara moja, atarudi tena, na hata hivyo zitafifia tu.

Kasimu: Basi si aliambiwa? Kavimba kama alivyoambiwa. Kunywa kahawa, mzee.

Kwa watu wenye akili zao, maongezi yangeishia hapo. Lakini Gugo alikuwa ameshatoa simu mfukoni.

Gugo: Shida ni kwamba nyie hamjui leza ni kitu gani. Ule ni mwanga, ila sio wa balbu. Unaingia ndani. Ukishaingia, unatafuta weusi. Palipo na weusi ndo panapoungua.

Pontien: Weusi?

Gugo: Masizi si meusi? Ndo unayafuata hayo.

Pontien: Na mtoto mwenyewe je? Si naye ni mweusi?

Gugo alikuna shingo. Ukurasa huo hakuwa ameufikia.

Makoye: Mimi nasema nilichokishika kwa mkono. Ng'ombe ukimpiga chapa kwa chuma cha moto, ile alama anakufa nayo. Sijaona moto unaofuta alama, moto unaweka alama.

Kasimu: Makoye, yule ni binti wa mtu.

Makoye: Ngozi ni ngozi, bwana. Halafu pale penye chapa vumbi likiingia, na inzi nao wakitua, mnajua wenyewe. Mzee, mimi nina samli safi nyumbani. Mpake, uvimbe utashuka.

"Kaambiwa apake mafuta aliyopewa tu," nilidakia, tairi mkononi.

Makoye: Daktari yuko Mwanza. Uvimbe uko Shanwe.

Pontien alikuwa anageuzageuza kikombe bila kunywa.

Gugo: Tena huo mwanga hautulii, unatembea. Leo uko shavuni, kesho uko kwenye jicho, kutoka kwenye jicho hadi ubongo ni padogo. Kuna mwanamke nimemsoma, alianza kuona watu wote wa kijani.

Kasimu: Wa wapi huyo?

Gugo: Wa huko.

Kasimu: Huko wapi?

Gugo: We, huko! Wanakotengeneza hizo mashine.

Pontien: Alianza kuona hivyo baada ya muda gani?

Aliuliza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeulizia basi. Hapo ndipo nilipojua kwamba utani umeisha na kwamba mzee anameza kila neno. Nikamkonyeza Kasimu aubadilishe mjadala. Laiti nisingemkonyeza.

Kasimu: Mimi hayo ya kijani siyaamini. Ninachojiuliza ni kingine. Zile chale ndo zilizuia degedege, sio?

Pontien: Ndiyo.

Kasimu: Sasa zikifutwa?

Pontien: Usiseme hivyo.

Kasimu: Simwombei mabaya, mzee wangu. Nauliza tu. Ule ugonjwa ulifungiwa humo. Ukifungua...

"Mana yanje," Mungu wangu, alisema Pontien kwa Kirundi chake, akaweka kikombe chini. Kisha akasema yote.

"Mama yangu alimchanja mwenyewe, mimi ndiye niliyemshika kichwa. Tulikuwa tumeshaanza kunong'ona habari za kaburi. Akalia sana, halafu akanyamaza, akanyonya. Kuanzia siku hiyo, nikifika shuleni kumchukua, watoto wote wana sare moja, mimi natafuta mashavu. Nikiyaona, natulia. Sasa akitoka kule chumbani hana zile chale, au ana uso mwingine kabisa, mimi nitafanyaje? Naogopa. Sikufichi, Kasimu, naogopa sana."

Kasimu aliinama akajifanya anachochea mkaa. Gugo aliishika simu asiifungue. Mimi nilitamani kuwafukuza wote, nibomoe na benchi.

Muda wote huo alikuwa amesimama mama mmoja wa Kasokola, jina lake Aneth, na baiskeli yenye gunia la viazi na gurudumu la nyuma limepasuka. Hakuna aliyempisha akae.

Aneth: Shikamooni.

Tukaitikia.

Aneth: Samahanini, nimesikia maongezi yenu. Huyo binti ana maumivu makali?

Gugo: Kitaalamu, maumivu ya leza yana...

Aneth: Namuuliza baba yake.

Pontien: Mama yake anasema usiku alilala kidogo.

Aneth: Na wewe, baba, umemwonaje?

Pontien alitazama barabara.

Pontien: Yuko chumbani. Tumetundika khanga dirishani, jua lisimpige.

Aneth: Mlango umefungwa?

Pontien: Mlango uko wazi.

Aneth: Nakuuliza uso, unanijibu dirisha. Basi hujaingia.

Pontien: Tangu jana sijaingia.

Niliona aibu kwa niaba yake, kisha kwa niaba yetu, maana tulikuwa tumeutibu uso ambao hata baba mtu hajauona.

Pontien: Asubuhi aliniita. "Baba, njoo unione." Nikajifanya sijasikia. Nikachukua koti, nikaja huku.

Yule mama hakumgombeza. Aliegemeza baiskeli yake kwenye nguzo ya banda, akafuta mikono kwenye kitenge.

Aneth: Sasa yeye atakuwa anafikiri anafananaje, kama hata baba yake hataki kumwangalia?

Nilimtazama Gugo, nikamtazama Makoye. Kasimu alikuwa na birika mkononi na hakummiminia mtu.

Pontien alisimama. Koti lilianguka chini, hakuligeukia. Alitembea vizuri mpaka kwenye kona ya kwenda kwake, na alipofika pale tukamwona mzee mzima anakimbia.