Wanjuhi Asilaumiwe kwa Mvua

Sogeeni wanangu, kaeni karibu, maana sauti yangu mimi Bitutu haifiki tena mlangoni. Mokaya, wewe ndiye kifungua mimba, acha kutazama nje. Omwenga, mwite mke wako aingie, kwa sababu nitakayosema yanamhusu yeye kuliko wote.

Ng'ombe mgawane bila kelele. Shamba hili alilotupatia mzee wa Kipsigis, baba yenu akiwa hai, msiliache, ingawa sijui mtapanda nini humo.

Najua mnayonong'ona. Mnasema tangu Wanjuhi aolewe hapa maharagwe yanaungua majani na wimbi linatoka na madoa, kwamba huyu msichana wa Kikuyu ana jicho baya, na wewe Mokaya umesema mama akishazikwa tu, ataondoka. Nilikusikia. Mimi ni mgonjwa, si kiziwi.

Nimeishi chini ya kiwanda hiki cha chai tangu kilipokuwa kikichoma kuni, na mvua ya siku hizo tuliikinga tukanywa. Walipoanza kuchoma yale mafuta meusi, moshi ukawa na harufu ya kiberiti, unalala juu ya kilima asubuhi, na mvua ya jioni inawasha macho. Vyura wa kijitoni siku hizi hawalii. Mabati yako, Mokaya, yametoboka yangali mapya. Na mabati nayo yaliangaliwa na jicho la mtu? Maharagwe niliyopanda chini ya upenu, mvua isikofika, mbona ni mabichi, na Wanjuhi huyapita kila siku akienda kuteka maji?

Nilikwenda kwa meneja, nikasimama getini mpaka miguu ikavimba, akatoka karani akaniambia mvua ni ya Mungu. Sasa nimshtaki nani? Mvua nimeshindwa kuizuia, na nyinyi niliowazaa nimeshindwa kuwazuia, na hilo linaniuma kuliko hiki kifua.

Watu wake wa Kapsoit walipakiwa kwenye malori ya serikali Emajensi ya Mau Mau ilipoanza na Wakikuyu wakahamishwa, yeye akabaki kwa sababu ni wetu. Mkimfukuza ataenda wapi? Mokaya, niambie hutamfukuza. Niambie nisikie.

Unatazama nje tena. Haya.

Nizikeni kando ya baba yenu, mapema, kabla mvua haijashuka. Omwenga, mke wako usimwache peke yake siku hiyo, hata kidogo.

Wanjuhi, mwanangu, hicho kikombe kiweke chini. Nina kiu, koo limekauka kabisa, na ningependa uninyweshe wewe. Lakini nikifa na maji yako mdomoni, unajua watakavyosema. Rudi ukae pale, wote wakuone.

Mokaya, kichukue wewe. Ninyweshe.

Kichukue, baba.

Mbona unarudisha mkono? Kumbe hata kukigusa unaogopa... Basi. Kiacheni hapo.

Bwana awabariki, wanangu, awape watoto, awape chakula... Awabariki wote. Na yeye pia. Mokaya, sema na wewe... na yeye pia...